Mswaki na Kinywa Kisomacho Qur'ani

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa ulimi na midomo na meno, akamfundisha kusema na kubainisha. Na rehema na amani zimshukie bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila awafuataye kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu zangu Waislamu wa Guta, na wa Bunda, na wa Musoma, na kila atakayefikiwa na karatasi hizi: nataka kukukumbusheni jambo dogo kwa macho ya watu, nalo ni kubwa mbele ya sharia, nalo ni mswaki. Wala sikukumbusheni kwa kuwa mimi ni mwema kuliko nyinyi katika jambo hili. Nakukumbusheni kwa kuwa nililifanyia uzembe, nikapata hasara ambayo haikuishia kwangu peke yangu.

Sababu ya kuandika

Nimesomesha Qur'ani katika chuo hapa Guta, pwani ya Ziwa Viktoria, kwa miaka mingi, na umri wangu sasa umepita hamsini. Kila mwaka nawasomesha wakubwa matni ya Abu Shujaa katika fiqhi ya Imamu Shafii, na kila mwaka tunaupita mlango wa mswaki. Naujua mlango ule kwa moyo. Lakini kuujua mlango ni jambo moja, na kuuingia ni jambo jingine.

Nilipokuwa na umri wa miaka kama arubaini, ufizi wangu ulianza kutoka damu kila nipigapo mswaki. Nikasema moyoni mwangu: huu mswaki wanikata. Nikawa nagusa meno kwa mbele tu, tena kwa haraka, na ufizi nikauacha. Damu ikapungua machoni pangu, nami nikadhani nimepona. Kumbe nilikuwa nimelifunika shimo kwa mkeka. Ikapita miaka kama kumi. Pumzi yangu ikaharibika, ufizi ukapanda juu, meno ya mbele yakaanza kutikisika bila kuwa na tundu lo lote. Kisha katika muda wa miaka miwili meno manne ya mbele, ya juu, yakanitoka moja baada ya moja.

Siku moja nalikuwa namsomesha mtoto mdogo Suratul-Kauthar, ambayo ni fupi kuliko sura zote, na watoto wetu huianza mapema. Mtoto akasoma neno la mwisho la aya ya kwanza kwa sini mahali pa tha. Nikamkaripia, nikamwambia arudie. Akarudia vile vile. Nikamkaripia tena. Akaniinamishia kichwa kwa adabu akasema: "Maalim, mbona wewe ndivyo usemavyo?"

Wallahi, sikuwa na jibu. Nikawasikiliza na wengine waliokuwa wamekaa nyuma yake, nikawakuta kumi kwa kumi wasoma kwa kosa langu. Usiku ule nikakaa peke yangu nikaisoma Fatiha kwa sauti, nikisikiliza dhali ya "alladhina". Nikaisikia imekwisha geuka. Nanyi mwajua hukumu katika madhehebu yetu: abadilishaye herufi ya Fatiha haifai kumfanya imamu wa mtu awezaye kuitamka sawasawa. Asubuhi yake nikamwita kijana niliyemsomesha mwenyewe, nikampa mihirabu, nami nikasimama nyuma yake. Watu wakauliza, Shekhe ana nini? Leo nawajibu: Shekhe aliuacha mswaki.

Meno ni vyombo vya Qur'ani

Fahamu, ewe ndugu yangu, ya kuwa maulamaa wa tajwidi wamezigawa herufi kwa mahali zitokapo, na katika mahali hapo meno yana sehemu kubwa. Tha na dhali na dha nzito hutoka kwa ncha ya ulimi pamoja na ncha za meno ya mbele ya juu. Ta na dali na ta nzito hutoka kwa ncha ya ulimi pamoja na mashina ya meno hayo hayo. Fa hutoka kwa tumbo la mdomo wa chini ukikutana na ncha za meno ya juu. Sini na sadi na zai hupigia mluzi wake katikati ya ulimi na meno ya mbele. Na dhadi, ambayo ni ngumu kuliko zote, hutoka kwa ubavu wa ulimi ukiegemea magego ya juu.

Basi mtu alindaye meno yake hajilindii tafuna ya nyama peke yake. Alinda vyombo vya kusomea maneno ya Mola wake. Seremala huifuta randa yake jioni asije akaikuta na kutu. Na sisi, tulio mafundi wa kusoma, twavilaza vyombo vyetu na uchafu wa chakula kila usiku!

Hukumu ya mswaki

Mswaki ni sunna katika kila hali, wala si wajibu. Nayo ni rehema ya Mtume wetu (s.a.w.), kwani imepokewa katika Sahihi mbili kwa Abu Huraira kuwa alieleza ya kwamba, lau si kuchelea kuutia umma wake katika mashaka, angaliwaamrisha kupiga mswaki kwa kila sala. Tazameni: jambo lililokaribia kuwa faradhi, likazuiliwa na huruma tu. Je, jazaa ya huruma ni kulitupa?

Na sunna hii hutiliwa mkazo zaidi mahali patatu: kinywa kinapobadilika harufu, kwa kula au kwa kunyamaza sana au kwa jambo jingine, mtu anapoamka usingizini, na anaposimama kwa sala. Maulamaa wakaongeza na wakati wa kutawadha, na wa kusoma Qur'ani, na wa kuingia nyumbani, na wa kutaka kulala. Hudhaifa amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alipoamka usiku alikuwa akisugua kinywa chake kwa mswaki. Na bibi Aisha alipoulizwa ni jambo gani alilokuwa akianza nalo Mtume aingiapo nyumbani, alijibu kuwa ni mswaki.

Na katika saa zake za mwisho hapa duniani, mwaka wa 11 wa Hijra, aliingia Abdurrahmani mwana wa Abubakari na mswaki mkononi. Mtume (s.a.w.) akautazama. Bibi Aisha akafahamu kuwa autaka, akauchukua, akaulainisha kwa meno yake, akampa, naye akapiga mswaki vizuri kabisa. Nabii wa Mungu, katika maumivu ya kufa, hakuuacha. Na mimi niliuacha kwa matone ya damu.

Jinsi ufizi na meno yaharibikavyo

Nilipokwenda kwa tabibu wa meno, alinieleza mambo ambayo yafaa kila mtu ayajue, nami nayaandika kama nilivyoyafahamu.

Kila baada ya kula hubaki juu ya meno utando mwembamba unaonata, nao ndio ukoga. Ndani yake mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivi hula sukari tulayo, kisha hutoa tindikali, na tindikali hulila gamba gumu la jino kidogo kidogo hata likatoboka. Kwa hiyo jambo lenye khatari ni wingi wa nyakati zaidi ya wingi wa sukari. Anywaye chai tamu mara moja pamoja na chakula hadhuriki sawa na anywaye funda moja moja kutwa nzima, kwa sababu huyu wa pili hayapi meno yake nafasi ya kupumzika.

Hayo ni ya jino. Ama ufizi, ukoga ukikaa ukingoni mwake, ufizi huvimba, huwa mwekundu, na hutoka damu ukiguswa. Damu ile si alama ya kuwa mswaki umekata. Ni ufizi wenyewe unalalamika kuwa haukusafishwa. Mtu akiufahamu mlalamiko huo akasafisha vizuri kila siku, mara nyingi ufizi hupoa baada ya siku chache au majuma mawili. Asipousikia, ukoga hugeuka ugaga mgumu kama chokaa, usiotoka kwa mswaki illa kwa chombo cha tabibu. Hapo ufizi huachana na jino, mfupa ulishikao huliwa, na jino zima lisilo na tundu hung'oka. Wahenga wamesema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi sikuziba ufa, na ukuta wenyewe sasa haujengeki. Kwani hata meno ya bandia niliyotiwa baadaye yalinirudishia tafuna, lakini hayakunirudishia herufi zote.

Na jueni ya kuwa mtu mwenye maradhi ya sukari, na mvuta tumbaku, ufizi wao huharibika upesi kuliko wa wengine. Basi hao wajiangalie zaidi.

Na wakati wenye khatari kuliko wote ni wakati wa kulala, kwa sababu mate ndiyo yaoshayo kinywa, na mtu akilala mate hupungua. Alalaye bila ya mswaki amewafungulia adui mlango na mlinzi akampa ruhusa. Nanyi ndugu zangu wavuvi wa dagaa, mkeshao ziwani na taa zenu katika usiku wa giza, mkanywa chai tamu kwa ajili ya baridi na usingizi, mkarudi alfajiri: usiku wenu wa kulala ni mchana. Basi mswaki wenu wa kulala uwe ni huo wa asubuhi, kabla hamjajinyosha. Msiseme, tumechoka. Nyavu mnazifua mngali mmechoka, kwa kuwa mwajua nyavu zisipofuliwa huoza.

Namna ya kupiga mswaki

Atie nia ya kufuata sunna, ili apate thawabu pamoja na usafi. Autwae mswaki kwa mkono wa kulia, aanze upande wa kulia wa kinywa. Meno ayasugue kwa upana, na ulimi kwa urefu. Asugue nje, na ndani, na juu ya magego, na khasa pale jino lipokutanapo na ufizi, kwa upole, bila ya kukazana kama asuguaye sufuria. Mswaki wa haraka wa mbele tu, kwa ajili ya kucheka na watu, huo ndio ulioniangamiza mimi.

Mti ulio bora ni wa araki, ambao Waswahili wengi huuita mti wa mswaki, kisha tagaa la mtende, kisha mzeituni. Uchubuliwe ncha, utafunwe hata nyuzi zichanuke, na nyuzi zilizochakaa zikatwe, itolewe ncha mpya. Wala asitumie mti asioujua, usije ukawa na sumu.

Kwa mujibu wa matabibu, meno yasafishwe mara mbili kwa siku kwa uchache, muda wa dakika mbili kila mara, mara moja katika hizo iwe kabla ya kulala, tena kwa dawa ya meno yenye floridi, ambayo hulitia gamba la jino nguvu. Akimaliza ateme povu, wala asisukutue kwa maji mengi papo hapo, ili dawa ipate kukaa. Basi mwenye kufuata sunna ya mswaki katika sala tano amekwisha kuyazidi hayo, lakini kwa sharti la kuupiga kweli kweli.

Maswali na majibu yake

Akiuliza mtu: Brashi ya dukani yatosha mahali pa mti? Twamjibu: Yatosha. Maulamaa wetu wamesema kuwa sunna hupatikana kwa kila kitu chenye kukwaruza kiwezacho kuondoa uchafu, ingawa araki ni bora. Zamani brashi nyingi zilifanywa kwa nywele za nguruwe, na watu wa dini walikuwa na haki ya kuzitilia shaka. Tangu mwaka 1938 zilipoanza kuuzwa brashi za nailoni, shaka hiyo imeondoka kwa hizo za nailoni. Wala haikosi faida mtu kutazama anunuacho.

Akiuliza: Damu ya ufizi yatangua udhu? Twamjibu: Haitangui katika madhehebu yetu, lakini ni najisi. Aiteme na asukutue kinywa chake kwa maji safi kabla ya kusali.

Akiuliza: Na aliyefunga? Twamjibu: Aliyefunga akimeza kwa kusudi mate yaliyochanganyika na damu, saumu yake hubatilika. Ama mtu aliyepatikana na maradhi hayo hata hawezi kujiepusha, baadhi ya maulamaa wamemsamehe. Walakini ni heri mara ngapi mtu ayatibu maradhi katika Shaabani kuliko kutafuta udhuru katika Ramadhani!

Akiuliza: Si makuruhu mswaki kwa aliyefunga? Twamjibu: Ulio mashuhuri kwetu ni kuwa ni makuruhu baada ya jua kupinduka, kwa ajili ya harufu ya kinywa cha aliyefunga, ambayo kwa Mwenyiezi Mungu ni nzuri kuliko miski. Lakini Imamu Nawawi katika Majmuu amechagua kuwa si makuruhu. Na kwa kauli zote mbili, asubuhi hapana kizuizi, na usiku hapana kizuizi. Basi asipatikane mtu aifanyaye Ramadhani kuwa mwezi wa kuacha mswaki. Apige baada ya futari kabla ya kulala, na apige baada ya daku. Na atumiaye dawa ya meno mchana ajihadhari isimpite kooni.

Akiuliza: Yafaa mimi na ndugu yangu tutumie mswaki mmoja? Twamjibu: Si haramu kwa idhini ya mwenyewe. Lakini ufizi utokao damu huweza kuambukiza maradhi, nasi tumekatazwa katika Suratul-Baqara, aya ya 195, kujitia wenyewe katika maangamizo. Kila mtu na awe na mswaki wake.

Wasia kwa wazazi na walimu

Meno ya mtoto yaanze kusafishwa tangu linapochomoza jino la kwanza. Dawa yenye floridi kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu iwe kadiri ya punje ya mchele tu, naye asimamiwe asiimeze. Wala msiseme, hayo ni meno ya utoto, yatatoka. Jino la utoto likioza humnyima mtoto usingizi na chakula, na huweza kuliharibu lile linalokuja chini yake.

Na nyinyi walimu wenzangu, msimwaibishe mtoto mwenye meno ya kahawia mbele ya wenziwe mkamwita mchafu. Katika nchi yetu ziko sehemu nyingi, kama Arusha na Manyara na Singida na Shinyanga, na baadhi ya visima katika Mkoa huu wetu wa Mara, ambamo maji yana floridi kupita kiasi. Kidogo chake hulinda jino, na kingi chake hulidhuru. Kiasi kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anywaye zaidi ya hapo, wakati meno yake yaumbikapo ndani ya taya, hutokwa na meno yenye madoa yasiyofutika. Na magadi mengi yatiwayo katika kande na maharage yana floridi pia. Basi mama apunguze. Mtoto yule aweza kuwa apiga mswaki kuliko mwalimu wake.

Kumbukeni kisa cha Abdallah bin Masudi, aliyepanda mti wa araki kumchumia Mtume mswaki, upepo ukaifunua miundi yake myembamba, watu wakacheka. Mtume (s.a.w.) akawajulisha kuwa miguu ile katika mizani ni mizito kuliko mlima wa Uhudi. Waliona wembamba wa mguu, wasione alichokipandia mtini.

Khatima

Ndugu zangu, sikuomba mihirabu irudi kwangu. Kijana yule asali vizuri, na nikiwa nyuma yake nasikia dhali imetoka mahali pake, nashukuru. Wale watoto wa Suratul-Kauthar nimewapeleka kwake mmoja mmoja wakasahihishwa, na kila mmoja nimempa mswaki kwa mkono wangu. Kila asubuhi, kabla hatujafungua juzuu, twapiga mswaki sote mlangoni mwa chuo, mwalimu na wanafunzi, kwa maji yaliyochemshwa. Nami ninayo magego bado. Nayalinda kwa ajili ya dhadi.

Basi asomaye karatasi hizi asingoje kesho. Usiku huu huu, kabla hajalala, atwae mswaki wake. Akiona damu, asiogope wala asiache. Azidi upole, azidi kusafisha, na isipokoma kwa majuma mawili amwendee tabibu. Majuto ni mjukuu, nami nimekwisha kumpakata.

Ewe Mola wetu, tutwaharishie vinywa vyetu kwa nje kwa mswaki na kwa ndani kwa kweli. Tuhifadhie ndimi zetu na uwongo na masengenyo, kwani kinywa kilichosafishwa kisha kikamla nyama nduguye hakikusafishwa. Tujaalie tuisome Qur'ani kama ilivyoteremshwa, nasi na watoto wetu, mpaka siku ya kukutana nawe. Amin.

Wa billahi ttaufiq. Wassalamu alaikum wa rahmatullahi wa barakatuh.